Kulipia Macho: Kozi Fupi ya Walimu wa Kiingereza na Darasa Langu la Tanga

Walimu wenzangu wakisikia kwamba niliwahi kwenda Cape Town kusomea kufundisha Kiingereza, swali la kwanza huwa bei, na la pili huwa kama cheti kile kinampeleka mtu Dubai. Nitayajibu yote mawili, ila nitayaweka mbele kidogo. Majibu yake hayafurahishi sana, na sipendi mtu aondoke kabla sijamweleza nilichokipata.

Kozi yenyewe ni CELTA, ya kumfunza mtu kufundisha Kiingereza kwa watu wenye lugha nyingine. Cheti chake kinatolewa na Cambridge, upande ule wa chuo kikuu unaotunga mitihani ya Kiingereza, na vituo vinavyoiendesha viko katika nchi nyingi. Ukiisoma kutwa ni wiki nne au tano. Ukiisoma jioni au mwisho wa wiki, inakwenda miezi. Ndani yake mna saa zisizopungua 120 za kuwa na wakufunzi, saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku unapimwa, saa nyingine 6 za kukaa na kuangalia walimu wazoefu wakifanya kazi, na insha 4 za maneno 750 hadi 1,000 kila moja. Mtihani wa mwisho hakuna. Iko pia CertTESOL ya Trinity College London, ambayo waajiri wengi huihesabu sawa na CELTA: hiyo ina saa 130, nayo pia ina saa 6 za kufundisha, na ina sharti moja ninalolipenda, kwamba mwanakozi afundishwe kwa muda mfupi lugha asiyoijua hata kidogo kisha aandike yaliyomkuta. Zote mbili zinatambuliwa Uingereza katika ngazi ya 5, chini kidogo ya shahada.

Mtu aliyesomea ualimu Tanzania akisikia wiki nne hucheka, nami nilicheka. Nina shahada ya miaka mitatu. Nimesoma saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, upimaji na tathmini, na azimio la kazi naweza kuliandika huku napika. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 1962, John Haycraft na mkewe Brita, waliokuwa na shule ya lugha London, walianza kuwafunza walimu kwa kozi ya wiki mbili tu, nikacheka tena. Wiki mbili!

Kulikuwa na kitu kimoja, hata hivyo, ambacho shahada yangu haikunipa, na sikuwa najua kwamba sinacho. Katika miaka yangu yote ya kusoma na kufundisha, watu waliowahi kuniona nikifundisha kipindi kizima, mwanzo hadi mwisho, hawapo. Kwenye BTP, yaani mazoezi ya kufundisha ya chuoni, mhadhiri alikuja, akakaa dawati la nyuma, akajaza fomu, akatoka kabla kengele haijagonga ili awahi shule nyingine. Alama zilikuwa nzuri. Kazini wakaja wageni wa ukaguzi, wakaomba andalio la somo, wakatazama kama mada inaendana na azimio na kama tarehe ziko sawa, wakasaini. Basi. Mlango ukafungwa, tukabaki mimi na watoto, na watoto hawawezi kumwambia Madam kwamba hawajamwelewa.

Nilikwenda Juni 2022, wakati huko ni baridi na mvua ya upepo inayogeuza mwavuli. Siku ya kwanza mkufunzi aliingia, akatabasamu, akaanza kusema Kihangaria. Hakueleza lolote. Alikuwa na picha, vidole na uso wake. Baada ya kama nusu saa sote tulikuwa tunasalimiana, tunaulizana majina na kuagiza kahawa kwa lugha ambayo asubuhi ile hakuna aliyeijua. Kilichoniingia zaidi kilikuwa hofu yangu mwenyewe. Nilimchukia mama wa watu kila aliponigeukia kabla sijawa tayari, na nilimpenda kila alipotupa nafasi ya kunong'ona kwanza na jirani. Nikawawaza watoto wa kidato cha kwanza wanaotoka shule za msingi walikosoma kwa Kiswahili, wanafika sekondari na siku hiyo hiyo wanakutana na Biolojia, Jiografia na Historia, zote kwa Kiingereza. Wao hawapewi hata picha.

Utaratibu ulikuwa hivi. Asubuhi tunafundishwa namna ya kufundisha. Alasiri tunafundisha. Kikundi kinapewa darasa moja, wanakozi watatu wanasimama kwa zamu, dakika 45 kila mmoja, na wengine wanakaa nyuma pamoja na mkufunzi, kalamu mkononi. Katikati ya kozi tunabadilishana madarasa, kwa kuwa sharti ni kufundisha angalau ngazi mbili tofauti. Wanafunzi walikuwa wakazi wa jiji waliokuja kwa sababu masomo yalikuwa bure: Wakongo, Waangola, Wasomali wenye maduka. Wengine walifika moja kwa moja kutoka kazini, rifleksa bado mwilini. Ukipita mitaa ya Cape Town utawaona watu wa rifleksa wakiyalinda magari yaliyoegeshwa kwa kutegemea sarafu za wenye magari. Wengi wao wanatoka Kongo, na baadhi yao wana shahada kwenye mkoba.

Karatasi ya kwanza niliyopewa baada ya kusimama ilikuwa na safu mbili, saa upande wa kushoto na tukio upande wa kulia. Naikumbuka hivi: 2:07, mwalimu anaeleza zoezi. 2:09, bado anaeleza. 2:10, anagawa karatasi huku anaendelea kueleza. Wanafunzi wanasoma karatasi, hawamsikilizi. 2:12, anauliza "Are we together?" Wote wanaitika "Yes". 2:13, wanne hawajaanza, wawili wanaulizana kwa lugha yao.

Hakuna sifa wala lawama. Saa na tukio tu.

Ngoja nikae hapa kidogo, maana hii "Are we together?" ni ya kwetu sote. Ukipita nyuma ya madarasa kuanzia Tanga hadi Kisumu utaisikia, na utasikia mwitikio wake, "Yees!", kwa sauti moja, mrefu na wenye furaha. Tumeirithi kwa walimu wetu, nao waliirithi kwa wao. Ni swali lisilo na jibu la pili. Mtoto gani atasimama kati ya wenzake themanini aseme "No, Madam, tumeachana pale mwanzo"? Wakufunzi wa Cape Town hawakuwahi kulisikia swali hilo, wakaliona la ajabu na lenye kupendeza, lakini wakaniambia niulize maswali yenye jibu. Unaandika au unazungumza? Peke yako au na mwenzio? Mna dakika ngapi? Maswali haya ya kitoto yanajibiwa kwa sekunde kumi, na yanamfichua aliyepotea bila kumwaibisha.

Kwenye sarufi ni hivyo hivyo. Umefundisha sentensi "I used to live in Bukavu." Ukiuliza "Mmeelewa?" utapata "Ndiyo" za bure. Unauliza: anaishi Bukavu sasa? Hapana. Aliwahi kuishi? Ndiyo. Alipita siku moja au alikaa? Alikaa. Atakayejibu vibaya mojawapo, umemjua, na umejua amekwama wapi. Kuyatunga maswali haya ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Nilikesha nayo kuliko nilivyokesha na insha.

Jingine dogo: karatasi ni ya mwisho. Eleza kwanza, onyesha mfano mmoja ubaoni, uliza yale maswali mawili matatu, ndipo ugawe. Ukishagawa, macho yote yako chini na sauti yako inakwenda dirishani. Sikuwahi kusikia jambo hili chuoni, na linafanya kazi katika somo lolote, hata Hisabati.

Kilichonitaabisha mimi kama mtu wa pwani ni kikao cha baada ya somo. Tunakaa duara. Aliyefundisha anaanza kusema mwenyewe lililokwenda na lisilokwenda, kisha wenzake, kisha mkufunzi. Wenzangu walikuwa vijana wa Afrika Kusini waliomaliza chuo juzi, na mzee mmoja wa Kiingereza aliyestaafu kazi ya benki. Kijana wa miaka ishirini na kitu ananitazama usoni na kunieleza somo langu lilivyokwenda! Kwetu mtoto hamwambii shangazi yake kwamba chai imezidi sukari; anainywa. Siku za mwanzo nilikuwa naitikia kwa upole wa Kitanga, na moyoni naandaa majibu.

Kilichonituliza ni kanuni moja iliyokuwa ikilindwa kwa ukali: zungumzia walichofanya wanafunzi. Hakuna aliyeruhusiwa kusema "unaongea sana". Aliruhusiwa kusema "zilipita dakika sita kabla mwanafunzi yeyote hajafungua mdomo". Sentensi ya kwanza inanihusu mimi na malezi yangu. Ya pili ni kitu tulichokiona wote, hata mimi, na tunaweza kukijadili bila mtu kuvunjiwa heshima. Tangu hapo nimekaa kwenye vikao vingi vya walimu hapa nyumbani vilivyoharibika kwa kukosa kanuni hiyo moja.

Kuwaangalia wengine kulinifundisha zaidi ya kusimama mwenyewe. Ukiwa mbele unaona kile unachotaka kuona. Ukiwa nyuma unaona mtu wa pembeni aliyenakili jibu, na mama anayetazama saa kwa sababu basi lake linaondoka. Kijana mmoja kati yetu hakujua sarufi kabisa, lakini alikuwa na kipaji cha kunyamaza. Akiuliza swali, ananyamaza na kusubiri. Sisi wengine tulikuwa tunajibu wenyewe baada ya pumzi moja. Yeye alisubiri mpaka ukimya ukatutia aibu sisi tuliokaa nyuma, na mara nyingi jibu lilikuja, tena kutoka kwa mtu asiyezungumza siku zote.

Nami nilikuwa na changu. Wenye lugha yao hawakuijua lugha yao. Mapumziko ya chai walinizunguka kuniuliza "past participle" ni mdudu gani, na kwa nini mtu aseme "I have lived here for three years" na asiseme "I am living here since". Hayo mimi nilichapwa kwayo darasa la saba. Anayejifunza Kiingereza ukubwani anavijua viungo vyake vyote kwa sababu kila kimoja kilimuuma. Usikubali mtu akwambie kwamba kuwa mzungumzaji wa pili ni upungufu katika kazi hii.

Kisha wale Wakongo. Katika darasa la ngazi ya chini walikuwapo watu wa Bukavu na Uvira, na waliponong'onezana, walinong'onezana Kiswahili. Mwenzangu mmoja amesimama mbele kueleza mchezo wa kadi alioukata kwa mkasi hadi usiku wa manane, anaeleza kwa bidii, mikono inaruka, nami nyuma yake nasikia: "Anasema tufanye nini?" "Sijue. Andika tu jina." Nilijizuia kucheka. Baada ya somo wenzangu wakaanza kuniuliza kila siku, wamesema nini leo? Nilikuwa na sikio ambalo hakuna mwingine chumbani aliyekuwa nalo, hata mkufunzi, na nililosikia kila mara lilikuwa lile lile: hawakukwama kwenye Kiingereza cha somo, walikwama kwenye maelekezo ya zoezi. Neno gumu walikuwa wanalikisia pamoja. Maelekezo mabaya hayakisiki.

Zamu yangu ilipofika, mzee mmoja wa makamo aliinua mkono, akasema kwa sauti: "Mama mwalimu, weye si unasikia Kiswahili? Tuambie basi!" Darasa likacheka, Waangola wakauliza kuna nini. Mkufunzi alikuwa amenishauri nisigeuke mkalimani. Nikarudia maelekezo kwa Kiingereza kifupi zaidi, nikafanya mfano na mtu mmoja mbele yao, mambo yakaenda. Kwa darasa lile ushauri ulikuwa wa haki. Ningetafsiri, Waangola na Msomali wangekaa kama wageni kwenye harusi ya watu.

Lakini nadhani kanuni ile ina kwao. Kozi hizi zilizaliwa London, ambako darasa moja lina Mhispania, Mjapani na Mtaliano, na mwalimu asingeweza kutumia lugha zao hata angetaka. Kutokana na hali ile imekuwa kawaida kwamba lugha ya mwanafunzi haitajwi. Tanga, ambako mimi na watoto wangu wote tuna Kiswahili, neno moja la Kiswahili linaokoa dakika kumi za kuigiza. Nalisema neno hilo, kisha tunaendelea na Kiingereza, na sioni haya. Tofauti ni kwamba sasa nachagua ni neno gani. Zamani nilikuwa naeleza somo zima kwa Kiswahili kisha nalifupisha kwa Kiingereza, kama tufanyavyo wengi.

Insha moja ilinitaka nimchunguze mwanafunzi mmoja. Nilimchagua dada wa Uvira aliyekuwa akisuka nywele Bellville, kitongoji cha Cape Town. Makosa yake nilikuwa nayajua kabla hajafungua kinywa, maana ni ya ukoo wetu: "he" akimsema mama yake, kwa kuwa lugha yetu haijali mume wala mke, "ship" na "sheep" sauti moja, kwa kuwa tuna irabu tano na Kiingereza cha vitabuni kina sauti za irabu zipatazo ishirini. Hayo yalinipa alama. Lakini nilipomuuliza anakitaka Kiingereza cha nini, alisema: wateja wanapunguza bei wakati nimeshaanza kusuka, na mimi sina maneno ya kukataa. Tulikuwa tumewapangia wiki ile somo la kuelezea likizo. Nikaomba niibadilishe mada, nikaruhusiwa, tukafundisha kukataa bei kwa adabu. Hilo ndilo somo langu lililokwenda vizuri kuliko yote, na sifa ni yake.

Mengine nayapitia. Umeme ulikuwa wa mgao, na mwishoni mwa Juni mgao wa Afrika Kusini ulifika hatua ya sita, yaani kukatiwa umeme mara kadhaa kwa siku. Fotokopi tulizitoa alfajiri au hatukuzitoa kabisa. Insha ikikataliwa unaruhusiwa kuirudia mara moja. Siku moja anakuja mpimaji kutoka nje, aliyeteuliwa na Cambridge, anakaa nyuma, anasoma mafaili, anahakikisha kituo hakiwapendelei watu. Wengi wanapata daraja la kupita la kawaida, wachache wanapata B, wachache mno wanapata A. Usingizi ni mdogo. Mzee wa benki alitaka kuacha katikati, hakuacha.

Sasa bei. Ada, nauli, chumba na chakula vilikula akiba yangu pamoja na mkopo wa SACCOS, na makato ya mkopo yaliendelea kuonekana kwenye hati ya mshahara muda mrefu baada ya cheti kufika. Anayepanga kukopa apige hesabu hiyo kwanza. Zipo pia habari njema: tangu janga la korona la 2020, CELTA inaweza kusomwa yote kwa mtandao, wanafunzi halisi wakiwa kwenye skrini na mkufunzi akiwaangalia nyote. Ada inabaki, ila nauli na chumba vinaondoka. Unachohitaji ni intaneti isiyokatika na watu wa nyumbani wanaokubali kwamba mlango uliofungwa umefungwa.

Na Dubai? Waajiri wengi wa Ghuba wanataka shahada pamoja na CELTA, na hapo mwalimu wa Tanzania anasimama sawa na wengine. Kisha linakuja sharti la pili, mara nyingi limeandikwa wazi, kwamba mwombaji awe amezaliwa na Kiingereza, na wanachokitazama ni pasipoti. Korea Kusini wameliweka hata kwenye utaratibu wa viza: viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza ni ya raia wa Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Nchi saba. Kwa hiyo kijana aliyekuwa akiniuliza maana ya "past participle" kwenye chai angeweza kuomba kazi Seoul kwa pasipoti yake, na mimi niliyemjibu siwezi. Sisemi hivi kwa kinyongo na kijana. Tunaandikiana mpaka leo. Nasema ili mtu asikope akiamini kwamba cheti kinafuta pasipoti. Hapa nyumbani kinaeleweka zaidi kwa vituo vya lugha vya watu wazima na kwa wanaofundisha wafanyakazi wa hoteli na waongoza watalii, na hata huko lazima uwaeleze ni kitu gani.

Kuna kozi za bei ya chakula cha mchana zinazojiita TEFL, yaani kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, nazo zinaandika "saa 120" kwa herufi kubwa kwa kuwa namba hiyo inafanana na ya CELTA. Neno TEFL halina mwenyewe. Mtu yeyote anaweza kuuza cheti chenye jina hilo. Nilipitia moja ambayo binamu yangu alikuwa ameilipia. Video, maswali ya kuchagua, cheti cha kuchapisha. Yaliyomo hayakuwa mabaya, kuna mambo ya kweli mle ndani. Ila hakuna mahali popote ambapo binamu alisimama mbele ya mtu anayetaka kujifunza huku mtu mwingine akiandika saa na tukio. Ukiniuliza kozi fulani ifaa au haifai, nitakuuliza swali moja tu: nani atakuona ukifundisha, na nani wa nje atamkagua yeye? Wakikosa jina la kukupa, kanunue kitabu kizuri, kitakutosha.

Nilirudi Tanga Julai kwenye mkondo wenye watoto karibu tisini, dawati la watu wawili wamekaa watatu. Cape Town wanafunzi wangu wengi kupita wote walikuwa kumi na kitu. Kwa hiyo nilichuja. Vipande vya karatasi vya kukata, viti vya nusu duara, na ile michezo ya kuzunguka chumbani kumuuliza kila mtu jambo, vyote niliviacha uwanja wa ndege. Zoezi naliandika ubaoni, au nakala moja kwa dawati. Kazi ya wawili wawili imekuwa ya watatu watatu, kwa sababu ya dawati. Kusikiliza hakuna redio. Nasoma mwenyewe mara mbili, na siku nyingine anasoma mwalimu wa Jiografia ili wazoee sauti nyingine. Cape Town nilifundishwa kupita kwa kila mwanafunzi wakati wa zoezi. Hapa napita safu moja kwa kipindi, na nimeweka alama daftarini safu ipi ilipitwa lini. Kunyamaza baada ya swali nakufanya kama yule kijana, na bado kunanipa tabu.

Kelele zililetewa malalamiko. Watoto tisini wakizungumza Kiingereza watatu watatu wanasikika hadi ofisini, na mkuu wa shule aliniita kuniuliza kama darasa langu lina mwalimu. Nilimwomba aje akae. Alikuja, akakaa nyuma kipindi kizima, akatoka bila kusema, wiki iliyofuata akaniuliza kama ile mbinu inasaidia mtihani wa kidato cha nne. Nikamwambia sehemu ya insha na ufahamu inasaidia, na kwamba miezi ya mwisho tutarudi kwenye karatasi za mitihani iliyopita kama kila mtu. Hakuna aliyeshinda wala kushindwa.

Ila kile kitendo cha yeye kukaa nyuma ndicho kilichonipa wazo. Nilikuwa nimelipia macho kwa mkopo, na shule imejaa macho ya bure. Nikamwomba yule mwalimu wa Jiografia aje aniangalie, nami nimwangalie. Fomu yetu ni nusu karatasi: saa, tukio, swali moja la mwisho. Kanuni ni ile ile ya walichofanya wanafunzi. Mimi sijui Jiografia na yeye hajui sarufi, na imekuwa faida, kwa kuwa hatuwezi kubishana kuhusu somo. Tunabaki na kilichoonekana. Kwenye karatasi yake ya kwanza kunihusu aliandika kwamba nawauliza sana watoto waliokaa upande wa dirisha. Mbinu zote zile, na hakuna mtu wa Cape Town aliyeweza kuligundua hilo, kwa sababu kule hatukuwa na upande wa dirisha.

Wa tatu aliyejiunga ni mwalimu wa Hisabati, aliyekuja kwanza kwa utani kuona tunafanya nini. Shida yetu ya sasa ni ratiba. Vipindi vyake vya kidato cha pili vimeangukia saa zile zile ninazofundisha mimi, na saa ambazo mwalimu wa Jiografia yuko huru, Hisabati haina kipindi. Tumempelekea mwalimu wa taaluma ombi la kuhamisha kipindi kimoja, Jumatano, baada ya mapumziko. Amesema ataliangalia Januari, akipanga ratiba mpya, na ameuliza kama naye anaweza kuja kuangaliwa.